Saiba Isiyo na Nyaya

Mwenye saiba wa kisa hiki simpi jina, kwa kuwa yuko katika kila mtaa wa mji wa Kisii, yuko Keroka, na yuko Nyamira mjini. Alifundisha shule za msingi hadi akastaafu, kisha akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake akakodi chumba ghorofani, upande wa barabara iendayo hospitali ya rufaa. Wateja wakaendelea kumwita Mwalimu. Aliweka kompyuta 6 za mtumba za wateja, moja ya kaunta, printa moja, na mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayezijua kompyuta kuliko yeye.

Kitu ambacho Mwalimu hakutaka kukiona chumbani mwake ni nyaya. Alikuwa amekaa katika saiba nyingi miaka ya nyuma akiwasajili wanafunzi mitihani, na kila mahali aliona yale yale: miguu inanasa, vumbi limejikusanya chini ya meza, kipanya kimening'inia ukingoni kwa waya uliochubuka. Kijana akamwambia, "Shangazi, siku hizi kila kitu ni hewani." Wakapanda basi hadi Nairobi, wakashuka Luthuli Avenue ambako vifaa vya elektroniki huuzwa duka kwa duka, wakanunua seti 6 za kibodi na kipanya visivyo na waya. Walichukua za bei ya chini kabisa, zenye jina la mtengenezaji ambalo hata muuzaji hakulijua. Printa wakachagua yenye Wi-Fi.

Chumba kilipendeza, na sina neno baya juu ya hamu ya Mwalimu ya kuwa na mahali safi. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anastahili kuingia saiba bila kujikwaa. Ila walinunua vifaa vile wakiamini kwamba kibodi isiyo na waya ni kibodi ile ile iliyopunguziwa waya, na imani hiyo ndiyo iliyowaponza.

Waya wa kibodi hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hupeleka umeme kwenye kifaa. Hupeleka habari kwenye kompyuta. Na huonyesha bila shaka yoyote nani anazungumza na nani, kwa sababu ukiufuata kwa kidole utafika mwisho wake. Ukiuondoa, kazi ya kwanza inachukuliwa na betri, na ya pili inachukuliwa na redio. Kazi ya tatu ndiyo wanunuzi wengi hawaiulizii. Hiyo inapaswa kuchukuliwa na anwani, majina na maneno ya siri ambayo lazima mtu akae chini ayapange. Mwalimu hakujua kwamba kuna kazi ya kupanga, na kijana aliona kila kitu kimewaka, akadhani kimepangika.

Dalili za kwanza zilikuja polepole. Kipanya cha kompyuta ya dirishani kilianza kuganda. Mteja anasogeza mkono, mshale kwenye kioo unabaki pale pale, kisha unaruka hadi pembeni. Kibodi nazo zikaanza kumeza herufi: mtu anaandika namba ya kitambulisho yenye tarakimu 8, zinatokea 7. Kijana akabadilisha betri. Hali ikatulia siku moja, ikarudi. Akabadilisha tena, na gharama ya betri ikaanza kula faida ya kopi na skani. Hakuna aliyeketi kuangalia ni wakati gani hasa vitu vile vinaganda. Naona hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kuzuia yaliyofuata, kwa kuwa kifaa kinachokatika katika ni kifaa kinachotoa ushahidi, nao ushahidi ule ulitupwa pamoja na betri kuukuu.

Printa nayo ilikuwa na tabia yake. Asubuhi nyingine kompyuta ilisema haiioni. Kijana aligundua njia ya mkato: akatafuta anwani ya printa kwenye mtandao, ile namba yenye nukta nukta ambayo ruta hukipa kila kifaa, akaiandika kwa mkono ndani ya kompyuta zote. Anwani ilikuwa inaishia na 5. Tangu siku hiyo printa ikatii.

Sasa kuna jambo ambalo lazima msomaji alishike. Mwalimu na jirani yake wa mlango wa pili, muuza simu na chaja, walikuwa wanagawana laini moja ya intaneti ili kila mmoja alipe nusu. Ni jambo la kawaida ghorofani, na ni la busara kwa mfuko. Ruta ilikaa kwa Mwalimu. Jirani alipoona printa ya Mwalimu inafanya kazi vizuri, naye akaenda kununua ya aina ile ile ya kutolea ankara na picha. Ruta ikampa anwani inayoishia na 6.

Ikafika Juni 30. Kenya nzima inaijua siku hiyo: ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia kwenye iTax, na hata asiye na kipato ambaye PIN yake ina wajibu huo anatakiwa aseme kwamba hana. Foleni ya Mwalimu ilianzia kwenye kompyuta ikashuka ngazi. Saa nane mchana ikanyesha mvua ya radi, stima ikapotea, ikarudi.

Ruta nyingi za bei ya kawaida, zikizimwa na kuwashwa, husahau zilimpa nani anwani gani. Huanza kugawa upya, na mara nyingi hugawa kwa kufuata nani amebisha hodi kwanza. Siku hiyo printa ya jirani ndiyo iliyoamka mapema, ikapewa 5. Ya Mwalimu ikapewa 6. Kwenye kompyuta za saiba bado ilikuwa imeandikwa, kwa mkono wa kijana mwenyewe, kwamba printa ni 5. Na kwa kuwa printa zote mbili zilikuwa za aina moja, hakuna kompyuta iliyoona jambo geni.

Mama mmoja kijana kutoka upande wa Marani hakuja kwa ajili ya kodi. Alikuwa na barua ya rufaa ya hospitali, yenye jina lake, umri wake na ugonjwa wake, aliyotumiwa kwa barua pepe. Alitaka karatasi moja tu, akapande nayo hospitali kabla milango haijafungwa. Kijana akabonyeza. Printa iliyo mbele yake ikanyamaza. Akabonyeza tena, kisha mara ya tatu, huku foleni inamsukuma. Mlango wa pili karatasi 3 zilitoka moja baada ya nyingine juu ya kaunta iliyozungukwa na watu waliojikinga mvua. Aliyeziokota wa kwanza na kusoma jina kwa sauti, akiuliza ni za nani, alikuwa shemeji wa yule mama.

Jirani ni mtu mwaminifu. Alizichukua mara moja, akazipeleka. "Mwalimu, hizi naona ni zenu." Lakini alizibeba mkononi zikiwa wazi mbele ya foleni, na yule mama akaliona jina lake kabla hajakabidhiwa. Alilipa kopi moja, akainama kuchukua mwavuli wake, akasema, "Mwalimu, mimi sikuja hapa ili watu wa nyumbani wajue." Akashuka ngazi.

Kisii si mahali ambapo habari hupotea njiani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hii, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira jirani 605,576. Vijiji vimekaribiana, koo zinajuana, na aliyeolewa Marani ana ndugu wa mume sokoni mjini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa data nyeti, na inamtaka anayeshughulikia data za watu, zikifika kwa asiyestahili na pakawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mwalimu hakuwa amewahi kujifikiria kuwa mmoja wa hao wanaosemwa na sheria. Alidhani sheria ni ya benki na kampuni za simu. Lakini kwenye meza zake kila siku yanapita majina ya wazazi, namba za vitambulisho, hati za malipo za walimu, barua za hospitali na maneno ya siri ya eCitizen. Sioni ofisi nyingi mjini ambazo hupitiwa na siri za watu wengi wa kawaida kuliko saiba.

Kesho yake akaitwa fundi kutoka Keroka, ule mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili, ambao wateja wake hutoka pande zote. Kijana akadhani ataanza kwa kufungua printa. Fundi hakuigusa.

"Mwalimu, jana stima ilipotea?"

"Saa nane. Ikarudi baada ya muda mfupi."

"Na barua ikaenda kwa jirani baada ya stima kurudi?"

"Baada ya hapo, ndiyo."

Akafungua ukurasa wa ruta, akawaonyesha 5 na 6 zilivyobadilishana. Kisha akawaeleza jambo ambalo kila anayeweka printa ya Wi-Fi anapaswa kulifanya siku ya kwanza. Kila kifaa cha mtandao kina namba kilichozaliwa nayo kiwandani, na ndani ya ruta kuna mahali pa kuandika kwamba namba hii ipewe anwani ile ile siku zote, stima ikatike isikatike. Ni kazi ya dakika chache. Kuandika anwani kwenye kompyuta bila kuifunga upande wa ruta ni kuamini kwamba hakuna kitakachozimika, na hapa kwetu kitazimika.

Akabadilisha pia majina. Printa zote mbili zilijitangaza kwa jina la kiwandani, lenye herufi na tarakimu zinazofanana mwanzo hadi karibu na mwisho. Akaipa moja jina la saiba na nyingine jina la duka la simu. Akaweka neno la siri kwenye ukurasa wa ndani wa kila printa, ukurasa ambao watu wengi hawajui kwamba upo na ambao aghalabu huja wazi au na neno linalojulikana na kila aliyesoma kijitabu cha maelekezo. Akazima uwezo wa printa kurusha mtandao wake yenyewe pembeni ya ule wa ruta, kwa kuwa hakuna aliyeuhitaji. Akazima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, hivyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000, na kompyuta haichoki kujaribu.

Jirani alipewa mtandao wake wa wageni ndani ya ruta ile ile. Anaendelea kulipa nusu, anapata intaneti, ila vifaa vyake na vya saiba havionani. Hili nalo lina upande wake wa pili: ukiweka printa kwenye mtandao wa kawaida, kisha simu yako ukaiunganisha na mtandao wa wageni, hutaipata printa hata ukeshe. Wengi wamerudisha dukani printa nzima kwa sababu hiyo. Wengine wamezirudisha kwa sababu printa nyingi za bei nafuu hupokea masafa ya gigahatsi 2.4 peke yake, huku simu yao imekaa kwenye gigahatsi 5 wakati wa kuunganisha.

Baada ya yote hayo fundi akaitazama printa, akaitazama kompyuta ya kaunta, akapima kwa mkono. "Kijana, kutoka hapa hadi hapa ni umbali gani?"

"Hata mita haifiki."

"Na habari inatoka hapa, inaenda kwa ruta kule ukutani, inarudi hapa. Kwa nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Fundi akatoa kwenye mkoba waya wa USB wa printa, mfupi, akauchomeka. Kompyuta za wateja zikawekwa zitume kupitia ile ya kaunta, ili kijana aone jina la kila kazi kabla haijatoka. Mimi naungana na fundi kabisa. Printa inayokaa mahali pamoja, karibu na kompyuta moja, ikitoa karatasi za watu wengine, haina sababu ya kuwa hewani. Hewa ni ya kifaa kinachohama au mtu anayehama.

Ndipo wakafika kwenye vipanya. Fundi akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: kipanya cha dirishani huganda lini? Kijana akafikiri. Huganda anapochomeka ile diski ya nje yenye picha za pasipoti za wateja. Kila mara? Kila mara. Fundi akageuza kompyuta. Kipokezi cha kipanya kilikuwa nyuma kabisa, kimechomekwa kwenye tundu la bluu, na tundu la bluu la pili, lililo ubavuni pake, ndilo la diski.

Rangi ya bluu kwa kawaida ni alama ya USB 3. Mnamo Aprili 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka unaoeleza kwamba habari zikipita kwa kasi kwenye USB 3, tundu, waya na kifaa chenyewe huvujisha kelele za redio zinazofika kwenye masafa ya gigahatsi 2.4, na miongoni mwa vifaa walivyovipima kwa ushahidi ni kipanya kisicho na waya. Kipokezi kilicho sentimita chache kutoka hapo hakimsikii tena mwenzake. Betri mpya haiwezi kutibu hilo. Dawa ni kukisogeza kipokezi: tundu la mbele, au waya mfupi wa kurefushia USB unaokileta juu ya meza, mbali na diski. Fundi alipokisogeza, kipanya kikatembea huku diski inanakili picha.

Zile kompyuta nyingine hazikuwa na diski, ila nazo ziliganda saa za adhuhuri. Hapo sababu ni msongamano. Gigahatsi 2.4 ni masafa ambayo mtu hahitaji kuyalipia leseni, hivyo kila kitu kimehamia humo: Wi-Fi za ghorofa nzima, Bluetooth za simu, kibodi, vipanya, hata tanuri la maikrowevu la hoteli ya chini. Ni kama soko la Daraja Mbili siku ya soko, wachuuzi wote wanaita bei kwa wakati mmoja. Bluetooth iliundwa kwa kulijua hilo: ile ya kawaida ina chaneli 79, huruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 hujifunza kukwepa chaneli zenye kelele. Seti za bei ya chini zilizonunuliwa Luthuli zilikuwa na redio zao wenyewe, na nyingi za aina hiyo hukaa karibu na pale zilipowekwa. Ongeza kwamba vipokezi vyote vilikuwa nyuma ya masanduku ya chuma chini ya meza, na kati ya sanduku na kibodi kuna magoti ya mteja. Maji hunyonya mawimbi ya masafa haya, na mwili wa mtu sehemu yake kubwa ni maji.

Jambo la kibodi fundi aliliweka mwisho, na alilisema kwa sauti ya chini kwa kuwa wateja walikuwa wameanza kuingia. Alimuuliza Mwalimu kama sanduku la seti zile limeandikwa popote kwamba herufi husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo kabla ya kurushwa hewani. Wakasoma sanduku pande zote. Halikusema.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza mambo mawili. Mwezi Februari walionyesha kwamba vipokezi vya vipanya vya watengenezaji kadhaa, wakiwemo wenye majina makubwa, vilikubali amri za uongo, hivi kwamba mtu aliye umbali wa hadi mita 100 akiwa na redio ndogo ya bei nafuu angeweza kuandika kwenye kompyuta ya mwingine. Mwezi Julai wakaonyesha kwamba kibodi za watengenezaji 8 hurusha kila herufi wazi, bila kusimbwa kabisa, na zinasikika umbali wa mita 70 na zaidi. Kibodi za Bluetooth hazikuwa kwenye kundi hilo la Julai. Kati ya saiba ya Mwalimu na kituo cha matatu hakuna mita 70.

Mwalimu akauliza, "Kuna mtu ameibiwa hapa?"

"Sijui, Mwalimu. Na wewe huwezi kujua. Anayesikiliza hewani haachi alama."

Alikaa kimya, kisha akamtuma kijana akanunue kibodi 6 za waya. Zilipatikana pale pale mjini, na kila moja kwa bei ndogo kuliko seti ya Luthuli. Vipanya visivyo na waya vikawekwa vipya kwenye kompyuta 2 tu, vya aina ambayo mtengenezaji ametangaza wazi kwamba mawasiliano yake husimbwa na ambayo huendelea kuitolea masasisho. Nyaya za kibodi zilifungwa kwa vibano nyuma ya meza, na hakuna anayejikwaa. Kwa jambo hili sina msimamo wa katikati: kibodi ambayo mtu mwingine anaandikia neno lake la siri iwe na waya.

Kwa anayetaka kibodi ya Bluetooth nyumbani kwake, hilo ni chaguo zuri, ila lina masharti. Kompyuta nyingi za mtumba za mezani hazina Bluetooth ndani, na kipokezi cha kuongeza huanza kazi baada ya mfumo kuamka, hivyo ukitaka kubadilisha mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka utahitaji ya waya. Wakati wa kuioanisha, kompyuta ikikuonyesha namba uiandike kwenye kibodi, iandike, usitafute njia ya kuiruka. Namba ile ndiyo inayothibitisha kwamba kibodi iliyo mkononi mwako ndiyo inayojibu. Kisha usiahirishe masasisho, kwa kuwa Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin, aliyekuwa katika kazi ile ya Bastille ya 2016, alionyesha kwamba simu za Android na iPhone pamoja na kompyuta za Linux na Mac zingeweza kulaghaiwa zikubali kibodi ya Bluetooth ambayo mwenyewe hakuikubali.

Haya yote yasimfanye mtu akimbilie waya kila mahali. Fundi huyo huyo ana shule anayoihudumia upande wa Nyamira, juu kwenye mashamba ya chai, na huko aliwashauri kinyume. Ofisi na chumba cha kompyuta viko majengo mawili tofauti, na walikuwa wameyaunganisha kwa waya wa shaba uliopita juu ya miti. Anayeishi katika milima ya Gusii anajua radi za alasiri. Radi haihitaji kuupiga waya wenyewe: ikipiga karibu, nguvu zake huingia kwenye shaba ndefu iliyo nje na kupita hadi kwenye vifaa vya pande zote mbili. Ruta ya shule na kompyuta za ukuta mmoja ziliungua hivyo. Fundi aliuondoa waya ule, akaweka redio mbili za gigahatsi 5 zinazotazamana kati ya majengo, zenye usimbaji na neno la siri refu, kila moja na kinga yake ya umeme. Waya wa kioo nao ungefaa, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, ila bajeti haikutosha.

Na ndani ya ofisi ya shule hiyo, printa ya katibu inayotoa mitihani ya ndani imefungwa kwa waya kwenye kompyuta yake, na Wi-Fi yake imezimwa kabisa. Mwalimu mkuu msaidizi alitaka kuchapisha akiwa nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja. Fundi alimjibu kwa heshima kwamba mtandao unaofika nyumbani kwake unafika na bwenini pia, na wavulana wa kidato cha tatu wana muda mwingi kuliko yeye.

Mwalimu wa Kisii alimtafuta yule mama wa Marani. Hakumwita saiba, alimfuata nyumbani, akamweleza barua yake ilivyofika mlango wa pili na nani waliiona, akamwonyesha nakala ya taarifa aliyoituma ofisi ya Kamishna. Walizungumza. Yule mama hakurudi kuwa mteja, na Mwalimu hakumwomba arudi.

Ghorofani kazi iliyobaki ilikuwa ya wapangaji wote. Wi-Fi za gigahatsi 2.4 zikiwa na upana wa kawaida wa megahatsi 20, ni chaneli 1, 6 na 11 tu zinazokaa bila kuingiliana, na ruta za maduka 4 zilikuwa zimejichagulia 3, 4, 6 na 8. Mwalimu aliwaita wenye maduka jioni baada ya kufunga. Saiba ikachukua 1, yeye na jirani wa simu wakiwa humo kwa ruta yao moja. Duka la dawa likachukua 6, kwa kuwa lina mashine ya kadi isiyotakiwa kukatika. Mshonaji na kinyozi wakakubali kukaa pamoja kwenye 11, maana mshonaji hutumia intaneti kutazama mitindo, na kinyozi muziki. Kijana ndiye aliyeingia ruta moja baada ya nyingine kubadilisha, kila mwenye duka akiwa amesimama kando yake na kuandika mwenyewe neno lake jipya la siri.